Bomba lililoondoa harufu chooni, na kisima kilichosahauliwa

Mwezi Oktoba 1975, nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mitego ya inzi iliwekwa juu ya matundu ya vyoo viwili vya shimo. Vyoo vilifanana kwa kila hali ila moja. Choo kimoja kilikuwa na bomba lililoanzia shimoni, likapanda nje ya banda hadi juu ya paa, na mdomo wake ukafunikwa kwa wavu. Kingine hakikuwa nalo.

Kuanzia tarehe 8 Oktoba hadi 5 Novemba, choo kisicho na bomba kilitoa inzi 1,723. Chenye bomba kilitoa watano. Wiki nne zilizofuata ikawa 5,742 kwa 20. Desemba, hadi mkesha wa Krismasi, 6,488 kwa 121. Kwa siku 78 zote, jumla ilikuwa inzi 13,953 upande mmoja na 146 upande wa pili. Majaribio ya afya vijijini yanayotoa jibu la wazi namna hii ni machache sana. Na chombo kilicholeta tofauti hiyo hakikuwa na injini wala umeme, wala hakikuhitaji hata tone la maji.

Mwenye jaribio hilo alikuwa Peter Morgan, mwanasayansi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika Maabara ya Utafiti ya Blair mjini Salisbury, ambao siku hizi ni Harare. Choo chake alikibuni mwaka 1973. Zimbabwe kilijulikana kwa jina la maabara hiyo, choo cha Blair. Kwingineko, Tanzania ikiwemo, watu wakakizoea kwa jina la choo cha VIP.

Hakuwa wa kwanza kuweka bomba chooni. Afrika Kusini, miaka ya 1940, tayari kulikuwa na choo cha shimo kilichopitisha hewa kwa bomba nene, shimo lake likiwa nyuma ya banda badala ya kuwa chini yake. Alichofanya Morgan ni kuunganisha mambo matatu yaliyokuwa yakitazamwa mbalimbali: upepo, giza na wavu. Ukiondoa moja kati ya hayo, mengine mawili hayafanyi kazi ipasavyo.

Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba hunyonya hewa iliyomo ndani. Hewa ya shimoni hupanda kujaza nafasi hiyo, na hewa safi ya bandani hushuka kupitia tundu la choo kwenda shimoni. Kwa hiyo anayechuchumaa hapo yuko upande ambako hewa inaingia, na harufu inatokea juu ya paa na kutawanyika. Sasa inzi. Yule anayetafuta choo kwa pua hufuata harufu hadi kileleni mwa bomba, akakuta wavu. Yule aliyezaliwa shimoni hutafuta mwanga ili atoke, na kama banda lina giza la kutosha, mwanga mkali kuliko wote anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda, anakwama kwenye wavu, anafia hapo na kuanguka shimoni. Ndiyo maana vyoo vya Blair vingi vilijengwa kwa ukuta unaojizungusha kama konokono, bila mlango. Mlango unaoachwa wazi ungeingiza mwanga na kuharibu kazi yote, lakini ukuta uliojipinda haumpi mtu nafasi ya kusahau kuufunga.

Mwanzoni iliaminika kuwa jua ndilo linalovuta hewa, kwa kulipasha bomba joto, ndiyo maana mabomba yalipakwa rangi nyeusi na kuwekwa upande unaopigwa na jua. Vipimo vilivyofanywa Botswana na Zimbabwe, ambavyo Beverley Ryan na Duncan Mara waliviandikia mwongozo mwaka 1983 kwa ajili ya Benki ya Dunia, vilionyesha kwamba mvutaji mkuu ni upepo. Jua husaidia kidogo tu. Kutokana na hapo mafundi wakapewa vipimo vya kufuata: bomba la plastiki liwe na upana wa milimita 150, lipite paa kwa nusu mita, lisizibwe na matawi ya miti, na nafasi ya kuingizia hewa bandani ielekee upande upepo unakotoka, iwe kubwa angalau mara tatu ya tundu la bomba. Hewa ya banda ikibadilika mara sita kwa saa, harufu haikai.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha wavu. Matundu yake yasizidi milimita moja na nusu, la sivyo inzi atapenya. Yasiwe madogo sana pia, maana yatakaba hewa. Na usiwe wa waya wa kawaida, kwa sababu gesi za shimoni huula kwa kutu upesi. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi kwa matofali na saruji, kisha choo kizima kikashindwa kwa sababu ya kipande cha wavu kinachotosha kiganjani.

Watanzania wenye umri wanaukumbuka mwaka wa 1973, ule ambao Morgan alibuni choo chake, kwa jambo jingine. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa njia ya redio. Takribani watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na maji, kisha wakashika majembe. Vyoo vingi mno vilichimbwa nchini katika miezi hiyo. Vilikuwa vyoo vya shimo vya kawaida, visivyo na bomba, na kwa wakati ule vilikuwa hatua kubwa. Nasikitika tu kwamba mambo haya mawili, hamasa ile ya Tanzania na bomba lile la Salisbury, yalitokea mwaka mmoja bila kukutana.

Bomba la Morgan linatakiwa kupimwa kando ya kosa la zamani zaidi, lililofanyika London. Katikati ya karne ya 19, wakubwa wa afya wa jiji hilo waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo ugonjwa. Edwin Chadwick, mtu mwenye sauti kuliko wote katika suala hilo, alilieleza bunge hivyo mwaka 1846. Kwa imani hiyo, mashimo ya vinyesi yaliyokuwa chini ya nyumba yakasafishwa kwa maji, na uchafu ukasukumwa kwenye mifereji hadi mto Thames. Nyumba zikapungua harufu. Ila sehemu kubwa ya jiji ilikunywa maji ya mto huohuo, na kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 London pekee.

Miaka mitano baadaye ikaja Broad Street. Daktari John Snow alionyesha mwaka 1854 kwamba waliokufa mtaani hapo walikunywa maji ya pampu moja. Mwaka uliofuata, kasisi Henry Whitehead alipofuatilia kisa hicho, ilibainika kwamba shimo la uchafu la nyumba namba 40 lilikuwa likivuja, na umbali wake na kisima haukufika mita moja. Maji ya pampu ile yalisifiwa kwa ladha yake. 

Hapo ndipo choo cha bomba kina heshima yake. Kinaondoa harufu kwa hewa peke yake, bila kuupeleka uchafu mtoni wala kudai maji ya kusukumia kutoka kwa kijiji kinachochota kwa ndoo. Lakini hapohapo pana mtego. Bomba linashughulika na kilicho juu ya shimo. Kinachozama chini ya shimo linakiacha kama kilivyo, na pua iliyoridhika haimwambii mtu kitu juu ya kisima chake.

Maji yanayotoka shimoni hushuka ardhini na vijidudu vyake. Udongo mkavu wenye chembe ndogo huvinasa vingi, navyo hufa kadiri muda unavyopita. Ndiyo sababu mafundi hufundishwa kuacha angalau mita mbili za udongo kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini wakati wa masika, kukitenga choo na kisima kwa mita 30, na kukiweka upande wa bondeni. Hayo ni makadirio, na ardhi ndiyo yenye neno la mwisho. Kwenye mwamba wenye nyufa, kama mawe ya matumbawe ya Unguja, Lamu na sehemu kubwa ya pwani yetu, maji hupita ufa kwa ufa karibu bila kuchujwa, na mita 30 zinaweza zisitoshe kitu. Baada ya kipindupindu kikali cha 1869 na 1870, Zanzibar ilikuja kupata maji ya mfereji kutoka chemchemi za Chemchem, nje ya mji, katika utawala wa Sultani Barghash. Kutafuta maji mbali na mashimo ya watu kulikuwa na maana kuliko kuchimba kisima kipya uani.

Katika mitaa iliyobanana ya Dar es Salaam, mita 30 zinavuka nyumba tatu au nne. Choo cha jirani ndicho kilicho karibu na kisima chako, na chako kiko karibu na cha mwingine. Zaidi ya hapo kuna kutapisha choo: mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba aliyekosa fedha za gari la maji taka hutoboa shimo lake ili mafuriko yabebe uchafu. Sina hasira naye kama nilivyo na hasira na miji inayoacha mtaa mzima bila huduma nafuu ya kunyonya mashimo. Hata hivyo yanayotapishwa huingia visimani, na bomba zuri juu ya paa haliwezi kuyazuia.

Pwani ilikiletea choo cha bomba mtihani mwingine. Watu wetu huchamba kwa maji, kwa hiyo mashimo huwa mabichi, na shimo bichi ni makazi ya mbu aina ya kuleksi, anayeeneza matende na mabusha. Mbu huyu hafuati mwanga kwa bidii kama inzi. Wengi hutoka kwa tundu la choo na kuingia vyumbani. Jibu lilipatikana Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988. Watafiti, akiwemo Chris Curtis wa London, wakishirikiana na wa Zanzibar, walimwaga shanga nyepesi za polistirini katika vyoo vyenye maji. Shanga zilielea na kufanya tabaka lililofunika maji yote, viluwiluwi wakakosa pumzi na mbu wakakosa pa kutaga. Pamoja na dawa iliyogawiwa kwa wanakijiji, maambukizi yalishuka sana. Tabaka moja la shanga lilidumu kwa miaka.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, serikali ilikifanya choo cha Blair kuwa choo cha vijijini, na baada ya muda vilivyojengwa vilipita laki tano. Asiyemudu bomba la dukani alisuka matete, akayakunja kuwa mwanzi mnene na kuyapaka saruji, au alijenga dohani ya matofali. Tatizo lilikuja kwenye matumizi. Mtu aliyelelewa na choo cha kawaida amefundishwa kufunika tundu, na anafunika hata hiki. Tundu likifunikwa, hewa safi haina pa kuingilia, mvuto wa bomba unakufa, harufu inarudi, na watu wanasema choo kimeharibika. Kwingine wavu ulichakaa, hakuna aliyepanda paani kuutazama, na inzi wakarudi kwa njia ileile waliyozuiwa.

Morgan alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2013 kwa vyoo na pampu zake. Kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kurekebisha wazo lake mwenyewe, na marekebisho hayo yanakigusa kisima moja kwa moja. Alitengeneza choo chenye shimo fupi, la takribani mita moja tu, lililo mbali na maji ya ardhini kuliko mashimo marefu ya Blair. Kila baada ya matumizi hutupwa humo udongo, majivu au majani makavu, ambavyo hupunguza harufu na inzi hata pasipo bomba. Shimo likikaribia kujaa, sakafu na banda jepesi huhamishiwa shimo jipya, la zamani likafukiwa kwa udongo, na mche wa mpapai, mgomba au mwembe ukapandwa juu yake.