Sala ya Nyumbani Katika Nchi ya Unyiha

Wasomaji wetu, mara nyingi twasikia neno hili katika vijiji vya Mbozi, na hata sokoni Tunduma: "Mimi husali Jumapili, siku nyingine kazi zanizidi." Alisemaye si mvivu. Mama aliyeamka kabla ya jogoo kuwika, akateka maji, akawasha moto, akashinda shambani, na jioni ana watoto wa kulisha na mahindi ya kupukuchua, atasali saa ngapi? Swali hili si jipya. Walilijibu watu waliotuletea Injili, kisha baba zetu nao wakalijibu kwa njia yao.

Mwaka 1722 watu wachache walioteswa kwa ajili ya imani yao walitoka Moravia, wakakimbilia Ujerumani katika shamba la Bwana Zinzendorf. Mti wa kwanza wa kijiji chao ulikatwa na seremala, Christian David. Kijiji wakakiita Herrnhut. Watu wake walikuwa wa kazi za mikono, si wakaaji wa nyumba za watawa. Mwezi wa Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, kila mtu saa yake, ili maombi yasikatike. Na zamu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Walakini jambo lililofika mbali zaidi lilikuwa dogo kuliko hilo. Tangu Mei 1728 ndugu mmoja alizunguka kila siku katika nyumba 32 za kijiji, akabisha hodi, akasema mstari mmoja wa Biblia. Wenye nyumba wakaupokea, wakaenda nao kazini. Kwa ajili ya mwaka 1731 mistari hiyo ilipigwa chapa katika kitabu, na haijakoma kuchapwa hata leo.

Wamisionari wa Kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakaanza kituo cha Mbozi. Huko ndiko alikofanya kazi Traugott Bachmann.

Je, walikuta watu wasiojua kuomba? Sivyo. Kabla ya hapo baba zetu hawakujua siku moja ya ibada na siku sita za kazi. Mkuu wa nyumba alipotaka kupanda ulezi, au kwenda kuwinda, au mtoto alipougua, aliwataja wazee waliokwisha kufa, akasema nao papo hapo penye kazi au penye ugonjwa. Sisi hatusemi kwamba ilikuwa imani ya kurudiwa. Twasema tu kwamba maombi yao yalikaa karibu na jembe.

Kisha ikaja kengele ya misheni. Ilipolia watu walikusanyika, wakaimba, wakaombewa, wakatawanyika. Ilikuwa njema, lakini ilikuwa na hatari ambayo si wote walioiona. Sala ilihamia ndani ya kuta nne, na shamba likabaki bila neno. Mtu alisali kanisani kwa moyo wote. Walakini mtoto aliposhikwa na homa usiku, naye hajafundishwa kuomba kitandani pa mgonjwa, alirudi kwa siri kwa mizimu. Asubuhi wazee wa kanisa wakamwita mnafiki. Twadhani si unafiki kila mara, maana huyo alikwenda mahali ambapo palikuwa na maneno ya kusema saa ile.

Bachmann alipokuja alikuwa mkali juu ya desturi nyingi. Miaka ilipopita alijuta ukali wake, akaona kwamba Mnyiha aweza kumfuata Kristo akiwa bado Mnyiha. Na mambo mengine aliwaachia wakristo wenyewe wayaamue. Agano Jipya kwa Kinyiha likapigwa chapa mwaka 1913. Basi mtu aliweza kusoma na kuomba nyumbani kwake kwa lugha aliyomwitia mkewe.

Na ilikuwa karibu mno. Mwaka 1916 vita vilifika nchi hii, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Baadaye Waskoti wa Livingstonia, wenye kituo chao Mwenzo ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, walisaidia, na Wamoravian wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo waalimu na wazee wa kanisa ndio walioshika kazi, na makutano hayakufa. Wengine husifu majengo imara ya misheni. Lakini jengo halisali! Sisi twaona kwamba ziliponea majumbani, katika zile nyumba ambamo baba alikuwa amekwisha zoea kusema maneno machache kabla watu hawajatoka na majembe, na mama kabla ya kuwalaza watoto.

Siku hizi mistari ya Herrnhut husomwa kwa lugha zaidi ya 50, na Kiswahili kimo. Pale Tunduma malori hupanga foleni ndefu kungoja kuvuka mpaka, na wanawake hupita kando yake alfajiri wakiwa na ndoo za maandazi na chupa za chai. Wako miongoni mwao ambao husoma mstari wa siku wakingoja mafuta yapate moto, kisha huutaja njiani, mmoja kwa mwenzake, mpaka wafike penye malori.