Arusha na Amri Zinazokimbizana na Siku ya Kura

Novemba 2006 Wakenya tisa walikuwa tayari kwenda kula kiapo katika Bunge la Afrika Mashariki mjini Arusha. Majina yao yalikwisha kupelekwa, na muhula mpya wa Bunge ulikuwa unakaribia kuanza. Hawakuapa. Tarehe 27 mwezi huo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitoa zuio la muda: Katibu wa Bunge na Katibu Mkuu wa Jumuiya wasiwatambue tisa hao kuwa wabunge hadi shauri lililofunguliwa dhidi ya uteuzi wao lisikilizwe na kuamuliwa.

Waliofungua shauri ni Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi. Hoja yao kuu ilikuwa rahisi kueleweka. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Bunge la kila nchi mwanachama lichague watu tisa wa kuiwakilisha. Nchini Kenya hapakuwa na kura. Kamati ya Shughuli za Bunge ilipokea majina kutoka kwenye vyama, ikayagawanya kwa uwiano wa viti, ikatuma orodha. Je, huo ni uchaguzi? Majaji hawakujibu swali hilo siku ile, wala haikuwa kazi yao kulijibu siku ile. Walichoangalia ni jambo dogo zaidi: watu wakishaapishwa na kuanza kutunga sheria, ushindi wa mlalamikaji miezi minne baadaye utamsaidia nini?

Kilichofuata kilikuwa cha haraka kuliko zuio lenyewe. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Novemba, Wakuu wa Nchi walikutana hapohapo Arusha wakaagiza Mkataba ufanyiwe marekebisho. Kufikia tarehe 14 Desemba marekebisho yalikuwa yamekwisha kupitishwa, shauri la msingi likiwa bado mezani. Mahakama iligawanywa kuwa na kitengo cha awali na kitengo cha rufaa. Wananchi waliwekewa ukomo wa miezi miwili wa kufungua mashauri. Zikaongezwa pia sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji, ikiwamo kuwa chini ya uchunguzi katika nchi yake, wakati ambapo majaji wawili wa Kenya katika Mahakama hiyo, Moijo ole Keiwua na Kasanga Mulwa, walikuwa na mashauri ya kinidhamu nyumbani yaliyotokana na fagio lililopita katika idara ya mahakama ya Kenya mwaka 2003. Kila aliyesoma marekebisho yale alijua yamemlenga nani.

Hata hivyo majaji waliendelea na kazi. Tarehe 30 Machi 2007 waliamua kwamba hapakuwa na uchaguzi wowote, na kwamba kanuni za Kenya zilikiuka Mkataba. Kenya ikarekebisha kanuni, ikachagua upya, na Bunge la pili likaanza kazi katikati ya mwaka huo. Mwaka 2008, katika shauri la Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, Mahakama hiyohiyo ilisema wazi kwamba marekebisho ya Desemba 2006 yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi kama Mkataba unavyotaka, ingawa haikuyafuta. Kwa hiyo zuio lilifanya kazi yake: waliokuwa waingie bila kura hawakuingia. Ila Mahakama ndiyo iliyolipa gharama.

Mahakama hiyo haikuundwa kuwa ya haki za binadamu. Iliyoundwa kwa kazi hiyo ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia Arusha kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Itifaki iliyoianzisha ilipitishwa Ouagadougou Juni 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Ibara yake ya 27(2) inaipa uwezo wa kutoa amri za muda pale jambo linapokuwa zito mno na la dharura, ili kuzuia madhara yasiyoweza kurekebishwa. Mswahili angesema maji yakishamwagika hayazoleki. Katika uchaguzi, maji humwagika jioni ya siku ya kura.

Watanzania wana ushahidi wa hilo. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kumzibia njia. Alirudi Mahakama Kuu, akashinda tena mwaka 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Augustino Ramadhani, ikasema suala hilo ni la kisiasa na liachiwe Bunge. Mtikila akabisha hodi Mahakama ya Afrika, pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 alishinda kwa mara ya tatu: kumlazimisha mtu apitie chama ndipo agombee ni kuvunja haki yake. Uchaguzi wa 2015 ulifika sheria ikiwa ileile. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 4 mwaka huo, wiki tatu kabla ya kura. Hukumu ilikuwa nzuri, ila aliyeipigania zaidi ya miaka 20 hakuwahi kuona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura.

Hapo ndipo amri za muda zinapoonyesha thamani yake. Kwa miaka mingi Mahakama ya Afrika ilizitumia zaidi kuokoa maisha. Ya kwanza, Machi 2011, iliitaka Libya ya Gaddafi iache vitendo vya kuua raia wake, na nyingi zilizofuata zilisimamisha adhabu za kifo. Mwaka 2020 zikaingia kwenye uchaguzi kwa kishindo.

Benin ilianza. Sébastien Ajavon, mfanyabiashara aliyeshika nafasi ya tatu katika uchaguzi wa rais wa 2016, alishtakiwa kwa kilo 18 za kokeini zilizokutwa ndani ya kontena. Aliachiwa huru. Mwaka 2018 mahakama maalumu mpya ya uhujumu uchumi na ugaidi ikamhukumu kifungo cha miaka 20 kwa jambo lilelile, akiwa nje ya nchi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika iliamuru hukumu hiyo ifutwe. Haikufutwa, na ikawa kikwazo kwake na kwa chama chake. Ajavon akarudi Arusha na ombi la dharura, na tarehe 17 Aprili 2020 Mahakama ikaiamuru Benin isimamishe uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 17 hadi shauri liamuliwe.

Ilikuwa amri nzito kupita kiasi. Kusimamisha kura ya nchi nzima kwa ombi la mtu mmoja kuliwagusa maelfu ya wagombea na mamilioni ya wapigakura ambao hawakuwa na kesi mahakamani, na kukaipa serikali hoja ya kulalamika kwamba mamlaka yake yanaingiliwa. Benin ilipiga kura siku ileile iliyopangwa.

Siku tano baada ya amri ya Benin, Mahakama ilichukua njia nyingine kwa Ivory Coast. Guillaume Soro, aliyekuwa waziri mkuu na spika, alitolewa hati ya kukamatwa akiwa anajiandaa kugombea urais. Mahakama iliamuru hati hiyo isimamishwe na wafuasi wake 19 waachiwe. Haikugusa tarehe ya uchaguzi. Jibu la Abidjan lilikuja ndani ya wiki moja: Aprili 28 Soro alihukumiwa miaka 20 bila kuwepo, na kesho yake nchi hiyo ikaondoa tamko linaloruhusu wananchi wake kwenda Arusha moja kwa moja.

Kwa utaratibu ambao Mahakama iliuweka mwaka 2016 katika shauri la Victoire Ingabire dhidi ya Rwanda, kujiondoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mlango ulikuwa bado wazi. Septemba 14, 2020 Baraza la Katiba la Ivory Coast lilipitisha wagombea wanne kati ya 44, Soro akiwa miongoni mwa waliokatwa. Septemba 15 Mahakama ikaamuru vikwazo vyote dhidi yake viondolewe. Septemba 25 ikatoa amri nyingine kwa ombi la Laurent Gbagbo, rais wa zamani aliyefutwa katika daftari la wapigakura. Hakuna iliyotekelezwa. Katika kura ya Oktoba 31 Alassane Ouattara alipata muhula wa tatu kwa asilimia 94, wapinzani wakuu wakiwa wamesusia na makumi ya watu wakiwa wamepoteza maisha katika ghasia.

Ugumu huu si wa Afrika peke yake. Mwaka 2005 Jorge Castañeda wa Mexico alitaka kugombea urais kama mgombea binafsi, kama Mtikila. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilimuunga mkono kwa hatua ya dharura, lakini Mahakama ya nchi hizo ikakataa kutoa amri Novemba mwaka huo, kwa maelezo kwamba kumwandikisha kungekuwa sawa na kuamua kesi kabla ya kuisikiliza. Hofu hiyo ina msingi. Lakini uchaguzi wa 2006 ulipita bila yeye, na mwaka 2008 alipata hukumu iliyotambua kwamba hakuwa na njia ya kweli ya kudai haki yake katika mahakama za nchini mwake. Kati ya tahadhari hiyo na ukali wa amri ya Benin, amri za Soro na Gbagbo ndizo zilizopimwa vizuri: acha kura iendelee, mfungulie mlango aliyefungiwa.

Tatizo lililobaki liko kwa serikali. Nchi 12 ziliwahi kutoa tamko la kuruhusu wananchi na asasi zao kufika Mahakama ya Afrika moja kwa moja. Rwanda ilijiondoa 2016, Tanzania Novemba 2019, Benin na Ivory Coast 2020, Tunisia Machi 2025. Tamko la Tanzania lilikoma Novemba 22, 2020, chini ya mwezi mmoja baada ya uchaguzi mkuu, katika nchi ambayo ni mwenyeji wa Mahakama yenyewe. Kenya, Uganda na Burundi ziliridhia Itifaki na hazijawahi kutoa tamko. Mgombea aliyekatwa Nakuru, Mbale au Mwanza hawezi leo kufungua ombi la dharura katika Mahakama hiyo, hata akipanda basi na kufika mlangoni.

Tamko ni barua moja ya serikali kwa Umoja wa Afrika. Tanzania irudishe yake, na Kenya itoe ya kwanza kabla Wakenya hawajapiga kura Agosti 2027.