Waseneca na Jina Wasilojipa

Waseneca katika lugha yao ni Onödowá'ga, Watu wa Kilima Kikubwa. Kwao ni magharibi ya jimbo la New York, Marekani, baina ya Mto Genesee na Ziwa Canandaigua. Waholanzi wa karne ya 17 waliokota jina lao vinywani mwa majirani wa lugha nyingine wakaliandika Sinnekens. Kadiri lilivyoandikwa upya likafanana na la Seneca, mwanafalsafa wa Roma, asiyehusiana nao hata kidogo.

Wao ni sehemu ya shirikisho la Haudenosaunee, Watu wa Nyumba Ndefu. Nyumba hiyo iliezekwa kwa magome ya miti, na ndani yake familia za ukoo mmoja wa mama ziliishi pamoja. Shirikisho lenyewe lilichukuliwa kuwa nyumba ya namna hiyo: Wamohawk walilinda mlango wa mashariki, Waonondaga walitunza moto wa katikati, Waseneca walikaa mlango wa magharibi. Mtoto hufuata ukoo wa mama yake, na wakuu wa koo wa kike ndio huteua machifu na kuwavua uchifu.

Mwaka 1687 jeshi la Wafaransa lilishambulia Ganondagan, mji wao mkubwa, na kuteketeza mahindi yao. Mwaka 1779 George Washington alimtuma jenerali Sullivan, ambaye askari wake walichoma vijiji zaidi ya 40 vya Haudenosaunee. Mkataba wa Canandaigua wa 1794 ulithibitisha ardhi yao, na Marekani bado hupeleka vitambaa kila mwaka kwa mujibu wake. Hata hivyo, Bwawa la Kinzua lililokamilika 1965 lilizamisha ekari zipatazo 10,000 za ardhi yao ya Allegany na kuwahamisha watu wapatao 600. Huo ulikuwa uvunjaji wa ahadi, usio na jina jingine.

Ardhi ilipopungua, jina lilizidi kuenea. Mzizi waliotumia kutibu sumu ya nyoka ulisifiwa na daktari John Tennent huko Virginia katika miaka ya 1730, na mmea huo ukaitwa Polygala senega. Baadaye ukawa dawa ya kikohozi. Mafuta yaliyoelea juu ya chemchemi, yakikusanywa kwa blanketi, yaliuzwa kama dawa kwa jina la mafuta ya Seneca. Kampuni iliyochimba kisima cha Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kilichoanzisha biashara kubwa ya petroli Marekani, iliitwa Seneca Oil.

Seneca Falls, ulipofanyika mkutano wa haki za wanawake mwaka 1848, ipo katika ardhi ya jadi ya Wacayuga, ndugu zao wa shirikisho. Kampuni ya Piper nayo ilitoa ndege ya injini mbili iitwayo Seneca, na Toronto ina chuo chenye jina hilo tangu 1967.

Waseneca wenyewe pia hulitumia. Waliokubali katiba mwaka 1848 walijiita Taifa la Seneca, na kasino yao ya Niagara Falls ina jina hilo. Waseneca wa Tonawanda wana serikali yao ya machifu, na wengine wako Oklahoma pamoja na Wacayuga. Ganondagan ilifunguliwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1987, miaka 300 baada ya shambulio la Wafaransa, na sasa nyumba ndefu ya magome imesimama hapo tena.