Skrini ya Mafuta ya Pikapu Inapodanganya: Namna ya Kuipima na Kuirekebisha

Siku hizi kati ya tajiri na dereva wake ameingia shahidi wa tatu, nayo ni ile skrini ya dashibodi inayoonyesha gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Tajiri anasoma 12.3, anachukua risiti za mafuta, anapiga hesabu na kukuta lita kadhaa hazina maelezo. Neno la kwanza linalomjia ni wizi. Nimeyasikia malalamiko haya kwa wenye pikapu za samaki, za nazi na za vifaa vya ujenzi, na mara nyingi anayeumia ni dereva, kwa kuwa neno lake linawekwa mizani moja na mashine.

Msimamo wangu ni kwamba skrini ile hutoa makadirio. Inaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, gari likiwa zima na dereva akiwa mwaminifu. Lakini kosa lake hupimika kwa risiti na kikokotoo cha simu, na likishapimwa, skrini hiyo hiyo hugeuka kuwa msaada kwa tajiri na kwa dereva.

Skrini inapata wapi namba yake

Watu wengi hudhani kuna mita inayopima mafuta yakitoka tankini. Katika pikapu za kawaida mita hiyo haipo. Kompyuta ya injini inajua injekta zimefunguka kwa muda gani na mafuta yalikuwa na presha kiasi gani, kisha inakadiria kiasi kilichopulizwa ndani ya injini. Kilomita nazo inazipata kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu au ya gia. Inagawanya, na namba inatokea.

Makadirio hayo yamejengwa juu ya injekta mpya za kiwandani. Injekta zikichakaa, au zikibadilishwa kwa zile za mtumba, hesabu huhama. Injini nyingi za dizeli za kisasa, zikiwemo za D-4D za Toyota, zina injekta zenye kodi ya fidia iliyoandikwa juu yake. Kodi hiyo inatakiwa kuingizwa kwenye kompyuta injekta inapofungwa. Fundi akiruka hatua hiyo, kompyuta inaendelea kukadiria kwa tabia ya injekta iliyotolewa.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: skrini inahesabu mafuta yaliyopita kwenye injekta tu. Mafuta yaliyovuja barabarani, yaliyovutwa kwa mpira usiku, au ambayo pampu iliyahesabu bila kuyatoa, skrini haiyaoni kabisa.

Angalia kipimo kwanza

Kabla ya ugomvi, hakikisha unasoma kipimo sahihi. Pikapu nyingine huonyesha kilomita kwa lita, ambapo namba kubwa ni nzuri. Nyingine huonyesha lita kwa kilomita 100, ambapo namba ndogo ndiyo nzuri. Kilomita 12.5 kwa lita ni sawa na lita 8 kwa kilomita 100. Vipimo hivi viwili hukutana kwenye 10 peke yake. Ukitaka kuhama kutoka kimoja kwenda kingine, gawanya 100 kwa namba uliyonayo.

Tofautisha pia wastani na ile namba ya papo hapo inayopanda na kushuka unapokanyaga mafuta. Tunachokipima hapa ni wastani.

Kupima kwa tanki kamili

Jaza tanki mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha usiongeze. Dizeli hufanya povu, kwa hivyo ukilazimisha lita za ziada unaharibu kipimo. Rudisha kwenye sifuri mita ya safari pamoja na wastani wa mafuta, vyote kwa wakati mmoja. Usiporudisha wastani, utakuwa unalinganisha safari ya wiki hii na ya miezi iliyopita.

Endesha kama kawaida yako mpaka tanki lipungue zaidi ya nusu. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, gari likisimama upande ule ule, ujaze tena mpaka bomba lijikate. Andika kilomita, lita za risiti na namba ya skrini. Usiandike shilingi peke yake. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo shilingi 5,000 za mwezi huu huenda zisinunue lita sawa na za mwezi uliopita.

Tanki moja halitoshi kuamua. Fanya matatu, kisha ujumlishe. Tuchukue mfano:

Tanki la kwanza: kilomita 540, lita 48.0, skrini 12.3.
Tanki la pili: kilomita 512, lita 46.2, skrini 12.1.
Tanki la tatu: kilomita 566, lita 50.1, skrini 12.4.

Jumla ni kilomita 1,618 kwa lita 144.3, yaani kilomita 11.2 kwa lita. Sasa tafuta skrini ilihesabu lita ngapi. Gawanya kilomita za kila tanki kwa namba ya skrini, kisha jumlisha. Utapata lita 131.9 hivi. Risiti zinasema 144.3. Gawanya 131.9 kwa 144.3 upate 0.91. Hiyo ndiyo namba ya marekebisho ya gari hilo. Skrini ikisema 12.0, zidisha kwa 0.91, na ukweli ni 10.9. Kama skrini yako ni ya lita kwa kilomita 100, badala ya kuzidisha, gawanya kwa 0.91.

Tazama ukubwa wa kosa lenyewe. Kwa matanki matatu tu, lita zaidi ya 12 hazionekani kwenye skrini, na hakuna aliyeiba hata tone. Tajiri anayeamini skrini anaweza kumfukuza kazi mtu kwa lita hizo.

Matairi huharibu kitu kingine

Mafundi wengi wakiulizwa kuhusu skrini hukimbilia matairi. Wana haki nusu. Tairi kubwa hufanya gari lihesabu kilomita chache kuliko zilizokwenda. Pikapu iliyotoka na 265/65R17, ikivishwa 265/70R17, tairi lake linakuwa kubwa kwa asilimia 3.4 hivi. Ikivishwa 285/70R17, linazidi kwa asilimia 7. Ukienda kilomita 100 na hayo ya mwisho, mita itasoma kama 93.

Lakini mita ya safari unayoitumia kwenye hesabu yako na kompyuta inayokokotoa wastani kwa kawaida huchukua kilomita kutoka chanzo kimoja. Kwa hivyo tairi hukosesha skrini na hesabu yako kwa kiwango sawa. Pengo kati ya skrini na risiti linatokana na lita. Ukibadilisha matairi ukitarajia pengo lizibe, utapoteza pesa.

Hata hivyo, ni vizuri kujua kilomita zako ni za kweli. Washa programu ya ramani ya simu yenye GPS, chagua kipande kirefu cha barabara, kama kile cha Kilifi kuelekea Malindi, kisha ulinganishe umbali wa simu na wa mita. Usitumie mshale wa kasi. Mshale huo hutengenezwa usisome chini ya kasi halisi, hivyo kwa kawaida husoma juu kidogo, na si kipimo cha umbali.

Kurekebisha skrini yenyewe

Hapa inategemea gari. Magari mengi ya kundi la Volkswagen yana kipengele cha kusahihisha matumizi ya mafuta kwa asilimia, nacho hufikiwa kwa mashine ya uchunguzi inayochomekwa chini ya usukani. Ford F-150 za Marekani, kwa matoleo kadhaa, zina menyu ya siri ya mafundi kwenye dashibodi yenye kipengele kiitwacho AFE bias, kinachofanya kazi hiyo hiyo. Ukipata fundi wa kufungua menyu kama hizo, mwambie abadilishe kidogo, kisha pima tanki moja zaidi uone namba imekwenda upande gani. Aandike namba ya zamani kabla hajagusa chochote.

Kwa pikapu nyingi tunazoendesha huku Pwani, menyu ya namna hiyo haiko wazi kwa mwenye gari. Una njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi. Baadhi yake, kama ScanGauge, hukuruhusu kuingiza lita ulizojaza, nacho kikajisahihisha. Ya pili haina gharama: andika namba yako ya marekebisho kwenye karatasi, ibandike kando ya dashibodi, na kila anayesoma skrini azidishe.

Kama injekta zimewahi kubadilishwa, anza huko. Uliza kama kodi ziliingizwa. Ukirekebisha skrini juu ya injekta mbovu, utakuwa umeficha ugonjwa.

Kusoma pengo baada ya kulipima

Faida ya kazi hii yote iko hapa. Pengo linalobaki lile lile tanki baada ya tanki, mathalani asilimia 8 au 9 kila mara, ni kosa la skrini. Halina mkosaji. Pengo linaloruka ghafla kutoka asilimia 9 hadi 20 kwa tanki moja ni habari nyingine. Angalia chini ya gari kama kuna uvujaji. Jaza kituo kingine ulinganishe. Pampu za mafuta hukaguliwa na kupigwa muhuri na Idara ya Vipimo na Mizani, na mteja anayeshuku pampu ana haki ya kupeleka malalamiko. Hayo yakishindikana ndipo uliza kuhusu mpira na mtungi.

Na skrini na risiti zikishuka pamoja, basi mafuta yameungua kweli ndani ya injini. Sababu huwa mzigo mzito, upepo mdogo matairini, chujio la hewa lililojaa vumbi, au saa nzima kwenye foleni ya feri Likoni injini ikiwaka na kiyoyozi kikivuma. Hapo hakuna aliyedanganya.

Ushauri wangu kwa tajiri ni kununua daftari la shilingi chache na kumpa dereva aandike mwenyewe kilomita, lita na namba ya skrini kila anapojaza. Kwa dereva, usisubiri kuambiwa. Weka risiti zako na upige hesabu kabla hujaulizwa. Siku utakayoitwa ofisini kuelezea lita 12, uwe na kurasa za miezi mitatu mkononi.