Kamera yenye macho elfu tisini

Tarehe 2 Machi 1908, jijini Paris, Gabriel Lippmann aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa aina mpya ya picha. Bamba la kupigia picha lifunikwe lenzi ndogondogo zilizopangana kama jicho la nzi, kila moja ikione kitu kutoka mahali pake. Bamba likishasafishwa na kumulikwa kutoka nyuma, miale itarudi kwa njia ileile iliyoingilia. Mtazamaji ataona kitu na kina chake bila miwani, na akisogeza kichwa atachungulia ubavu wake. Stereoskopu ya Charles Wheatstone, iliyojulikana tangu 1838, haikuweza hilo: ilitoa picha mbili, moja kwa kila jicho, basi.

Lippmann hakuwa mpiga porojo. Desemba ya mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa njia yake ya kupiga picha za rangi.  Lakini lenzi ndogo kiasi hicho zilikuwa taabu kutengeneza, na picha yenyewe ilitoka kinyume: pua iliyochomoza ilionekana imebonyea. Lippmann alifariki melini, katika Bahari ya Atlantiki, mwaka 1921. Miaka kumi hivi baadaye Mmarekani Herbert Ives alionyesha tiba ya kasoro hiyo ya pili, nayo ni kuipiga picha ile picha mara ya pili, ili kinyume kigeuke tena.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya hesabu, na hiyo haijapata tiba hadi leo. Kamera ya kawaida hujumlisha miale yote inayoangukia nukta moja na kusahau kila mmoja ulitoka wapi. Ukitaka kukumbuka mwelekeo pia, nafasi ya kuukumbuka lazima uikate kwenye bamba lilelile linalotunza ukali wa picha. Unachopata kwa kina, unakilipa kwa ukali.

Ren Ng, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilipa deni hilo waziwazi. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliweka wavu wa lenzi 296 kwa 296, karibu elfu 90, mbele ya kihisio cha pikseli milioni 16. Picha iliyotoka ilikuwa na pikseli 296 kwa 296 tu. Ila ungeweza kuilenga baada ya kuipiga: ukibonyeza uso wa mtu wa nyuma, anakuwa wazi, na wa mbele anafifia.

Ng alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Lytro. Kamera yake ya kwanza ilifika kwa wanunuzi mwaka 2012, bomba la mraba lililoanzia dola 399. Kwa maoni yangu ilichelewa. Simu tayari zilikuwa zinapiga picha kali zaidi, na watu wachache waliona kulenga baadaye ni haja. Ikafuata Illum ya dola 1,599, kisha mtambo wa sinema, na Machi 2018 kampuni ikafunga milango.

Wazo lenyewe lilihamia simuni. Simu ya Pixel 2 ya Google, ya 2017, iligawa kila pikseli nusu mbili zinazotazama kutoka pande zilizotengana takriban milimita moja. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukadiria umbali na kutia ukungu nyuma ya uso.

Upande wa skrini, mwaka 2018 kampuni ya Looking Glass ya Brooklyn, New York, ilitoa kioo kinachoonyesha kitu kutoka pembe 45 kwa pamoja, watu kadhaa wakitazama bila miwani. Kile kidogo, cha inchi 8.9, kina pikseli 2560 kwa 1600. Zigawe kwa 45, na kila pembe inaambulia elfu 91 hivi.