Sare za Waterloo: Karani Aliandika Hili, Askari Akavaa Lile

Jioni ya Juni 18, 1815, karibu na kijiji cha Smohain, upande wa mashariki wa uwanja wa Waterloo, askari wa Prussia waliwamiminia risasi watu waliokuwa upande wao. Waliopigwa walikuwa Wajerumani wenzao wa Nassau, chini ya Mwanamfalme Bernhard wa Saxe-Weimar, ambao walikuwa wakipambana na Wafaransa eneo hilo hilo. Chanzo kilikuwa nguo. Rejimenti ya 2 ya Nassau ilimpigania Napoleon huko Hispania, na Desemba 1813 ikahamia kwa Waingereza. Watu walibadili upande. Makoti ya kijani yaliyoshonwa kwa mtindo wa Kifaransa hawakuyabadili.

Visa vya namna hii ndivyo vinavyowakosesha usingizi wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaopaka rangi visanamu vya askari vya sentimita mbili au tatu, wakavipanga mezani, wakarusha dadu na kupigana upya vita vya babu zao. Mpita njia atauita utoto. Lakini kabla ya brashi kugusa rangi, mchezaji makini anataka kujua kola ilikuwa ya rangi gani, kombania ilikuwa na watu wangapi, na nani alimwamrisha nani. Hapo mchezo hugeuka utafiti.

Mchezo wenyewe haukuanzia kwenye rangi. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz, ofisa wa kiraia huko Breslau, alimtengenezea mfalme wa Prussia meza ya vita yenye vigae vya milima, mito na vijiji. Mwaka 1824 mwanawe, luteni wa mizinga, aliuboresha: akatumia ramani za kipimo cha 1 kwa 8,000, vipande vya madini ya risasi vyekundu na vya buluu, dadu na mwamuzi. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao ya jeshi, alipouona akaupigia debe usambazwe jeshini. Vipande vile havikuwa na vifungo wala kola. Kilichohesabiwa ni ukubwa wa kikosi, mwendo wake na umbali wa bunduki zake, na kwa maoni yangu luteni yule alishika shina la jambo kuliko wengi waliomfuata.

Aliyejaribu kuchimba kila kitu, mpaka mimea iliyokuwa shambani, ni Mwingereza William Siborne. Hakupigana Waterloo. Mwaka 1830 aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja huo, akaenda kuishi miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte akipima ardhi. Kisha akawaandikia maofisa walionusurika: saa moja hivi ya jioni kikosi chako kilikuwa wapi? Kilijipangaje? Adui mbele yako alikuwa nani? Mazao gani yalikuwa yamesimama pale? Majibu yalikuja kwa mamia. Mwaka 1833 serikali ikakata fedha, naye akaendelea kwa fedha zake na za kukopa. Mfano ulioonyeshwa London mwaka 1838 ulikuwa na makumi ya maelfu ya sanamu, kila moja ya urefu wa milimita 10 hivi.

Udhaifu wake uko wazi. Barua zilienda kwa maofisa, na zilijibiwa karibu miaka 20 baada ya vita, wakati kila mmoja alikwishasimulia kisa chake mezani mara nyingi. Halafu kuna Wellington, kamanda wa Waingereza kule Waterloo, ambaye hakupendezwa na jinsi Waprussia walivyoonekana wengi kwenye mfano, tena karibu na ushindi. Siborne hatimaye akawapunguza, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu uamuzi huo.

Ufaransa mtafiti hukutana na tatizo jingine: kanuni zimejaa, ila zinadanganya. Mwaka 1806, Waingereza wakiwa wamebana bahari na nili, rangi ya buluu ya makoti, ikiwa adimu, Napoleon aliamuru askari wa miguu warudie makoti meupe. Rejimenti chache zikayapata, na mwaka uliofuata amri ikafutwa. Mwaka 1812 kanuni zilizoandaliwa na Meja Bardin zilileta koti fupi linalofungwa hadi kiunoni, lakini wengi waliovuka kuingia Urusi mwaka huo walivaa la zamani. Kule Waterloo, baada ya usiku wa mvua, Wafaransa wengi walipigana wakiwa na makoti makubwa ya baridi juu ya sare, na kazi yote ya anayepaka kola rangi ikafunikwa.

Idadi nazo ni hivyo hivyo. Amri ya Februari 18, 1808 inasema batalioni ni kombania 6 za watu 140, yaani 840. Mchezaji anayehesabu sanamu moja kwa watu 20 atapaka sanamu 42. Lakini Waterloo batalioni nyingi za Ufaransa zilikuwa na watu kati ya 400 na 600, na sanamu 25 zingetosha. Anayeweka 42 amempa Napoleon jeshi ambalo hakuwa nalo, na matokeo ya mchezo wake hayana maana hata kama kila kifungo ni sahihi.

Ndiyo maana michoro ya waliowaona askari kwa macho ina thamani kuliko kanuni. Ndugu wa familia ya Suhr wa Hamburg walichora wanajeshi waliopita mjini mwao, pamoja na Wahispania waliofika na Jenerali La Romana, wakiwa na viraka na suruali zisizofanana. Richard Knötel, Mjerumani aliyeanza kuchapisha michoro yake ya sare mwaka 1890, alikusanya vyanzo vya aina hiyo hadi alipofariki mwaka 1914, na wachezaji wanamtegemea hadi leo.

Mfano mkubwa wa Siborne uko katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi huko Chelsea, London, na sehemu ya barua alizopokea ilichapishwa na mwanawe mwaka 1891. Anayetaka kuipanga Waterloo mezani kwake aanze na barua hizo, akiwa na orodha ya idadi ya vikosi pembeni. Rangi za kola zinaweza kungoja.