Roboti ya Kufagia: Tuijue Kabla ya Kuinunua

Mwaka 1901 mhandisi wa Kiingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda kwenye ukumbi wa Empire mjini London kutazama mashine mpya ya kusafishia mabehewa ya treni. Mashine hiyo ilipuliza hewa kwa nguvu. Vumbi lilitimka, likatanda, kisha likarudi kutua palepale lilipotoka. Booth alimuuliza mwenye mashine kwa nini asilivute vumbi badala ya kulipuliza, akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Hakuridhika. Akiwa mgahawani katika mtaa wa Victoria, aliweka mdomo kwenye mgongo wa kiti cha mahameli, akavuta pumzi. Alipaliwa nusura akate roho, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, lakini jibu alikuwa amelipata: vumbi linavutika.

Leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, ndugu zetu wengi wa mijini wanajiuliza kama wanunue roboti ya kufagia, ile sahani nene inayozunguka sebuleni peke yake. Wauzaji wanaisifia nguvu zake za kuvuta vumbi. Mimi naamini swali la kuuliza ni jingine, na historia ya mashine hizi inalionyesha wazi: kazi inayobaki baada ya mashine kupita itafanywa na nani?

Mashine ya kwanza ya Booth haikuenea mlangoni. Ilikuwa na injini ya petroli, ilikokotwa na farasi, na ilisimama barabarani huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Makelele yake yaliwashtua farasi wa magari ya abiria. Matajiri wa London waliwaalika marafiki waje kunywa chai na kutazama mazulia yakisafishwa, na baadhi ya mipira iliwekewa sehemu za kuonyesha ndani ili wageni wauone uchafu ukipita. Mwaka 1902 mashine hiyo ilisafisha zulia la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na biashara ikapata jina. Lakini tazama mpango wenyewe ulivyokuwa. Mteja wa Booth hakununua mashine, alinunua usafi. Watu wa Booth walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka na mashine yao. Mwenye nyumba hakubakiwa na kitu cha kutengeneza wala cha kuhifadhi.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda njia nyingine. Tayari mwaka 1876 Melville Bissell, mwenye duka la vyombo huko Grand Rapids, Michigan, alikuwa amepata hataza ya kisanduku cha kufagilia mazulia. Vyombo vyake vilifika vimezungushiwa unga wa mbao visivunjike, na unga huo ulikwama kwenye zulia la duka, ufagio usiutoe. Kisanduku chake hakikuvuta hewa hata kidogo. Ukikisukuma, magurudumu yanazungusha brashi, brashi inazoa uchafu na kuurusha ndani ya kisanduku. Alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna alishika uongozi wa kampuni na kuikuza hadi nje ya Marekani. Mkumbuke Bissell, maana tutarudi kwake.

Aliyekiweka kifyonza vumbi mikononi mwa mtu mmoja alikuwa mfagiaji. James Murray Spangler alifanya usafi katika duka kubwa mjini Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Kila alipofagia mazulia, kifua kilimbana. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, akaifunga kwenye kisanduku chenye mpini wa ufagio, na nyuma yake akaning'iniza foronya ya mto ipokee vumbi. Brashi ilichokoa, feni ikavuta, foronya ikachuja. Alipata hataza mwaka 1908, lakini mtaji hakuwa nao. Haki zake zilinunuliwa na William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi aliyeona magari yanaanza kuwaondoa farasi barabarani, na pamoja nao hatamu na matandiko aliyokuwa akiuza. Hoover alitangaza kwamba anayetaka atapewa mashine aijaribu bure nyumbani kwa siku 10. Hapo kifyonza kikawa mali ya nyumba, na mwendeshaji wake akawa mama wa nyumba hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote katika historia hii. Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, More Work for Mother, alifuatilia vifaa vya nyumbani kimoja kimoja na kuuliza vilimpunguzia nani kazi. Zamani mazulia yalitolewa nje mara chache kwa mwaka, yakatundikwa na kupigwa fimbo. Kazi hiyo ilikuwa nzito, kwa hiyo waliifanya baba, vijana wa kiume au vibarua. Kifyonza kiliifanya iwe nyepesi. Ilipokuwa nyepesi, baba na vijana walijitoa, vibarua hawakuitwa tena, na mama akaachiwa yote peke yake. Tena kwa kuwa sasa ni rahisi, zulia lililosafishwa kwa msimu likatarajiwa kusafishwa kila wiki. Jasho lilipungua, saa za kazi hazikupungua. Kipimo cha usafi kilipanda pamoja na mashine, na aliyebeba nyongeza hiyo ni mwanamke yuleyule. Kila ninapoona tangazo la kifaa cha nyumbani kinachoahidi kumpumzisha mama, namkumbuka Cowan.

Roboti ilikuja na ahadi ya kumwondoa hata huyo mwendeshaji. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilionyesha mfano wake kwenye televisheni ya BBC mwaka 1996, na mwaka 2001 ikaanza kuuza roboti iitwayo Trilobite, iliyopima umbali kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Ilikuwa kazi nzuri ya uhandisi, ila bei yake ilikuwa ya watu wachache. Kampuni ya Dyson ya Uingereza nayo iliunda roboti ya DC06, iliyosheheni vihisi. Ikawa nzito na ghali mno, haikufika dukani kamwe.

Iliyoenea ilitokana na fikra tofauti kabisa. Katika chuo cha MIT nchini Marekani, Rodney Brooks alikuwa akishikilia kwamba roboti haihitaji kuijua dunia yote ndipo itembee. Yatosha kuipa tabia chache rahisi, kila moja ikiitikia kile inachokigusa au kukihisi wakati huo. Katika maabara ya chuo hichohicho, mwaka 1989, Joe Jones aliunda kwa vipande vya Lego kigari kidogo cha kufagia kinachojiendesha. Mwaka uliofuata Brooks alianzisha kampuni ya iRobot pamoja na Colin Angle na Helen Greiner. Jones alijiunga nao baadaye, na mwaka 1999 yeye na mwenzake Paul Sandin walipewa wiki mbili na fedha kidogo wakajaribu lile wazo lake la zamani.

Kikwazo kikubwa kilikuwa umeme. Kifyonza cha waya hula mamia ya wati, na cha enzi hizo mara nyingi kilizidi elfu moja. Roboti yao iliishi kwa betri yenye uwezo wa wati 30 hivi, na hizohizo zilitakiwa zitoshe kwa magurudumu, brashi na kompyuta. Jones akaacha kufyonza, akarudi kwa Bissell: brashi inayozunguka na kisanduku cha kupokelea. Ilifagia vizuri. Lakini watu walioonyeshwa mfano huo walisema wangelipa dola 100 tu kwa kitu kisichovuta vumbi, na kama kinavuta wangelipa mara mbili. Wahandisi wakaongeza mota ndogo iliyovuta hewa kupitia mwanya mwembamba kati ya vipande viwili vya mpira, ili hewa kidogo ipite kwa kasi. Roboti yao, iliyopewa jina la Roomba, ilipoingia sokoni Septemba 2002 kwa dola 199, ilikuwa mjukuu wa Bissell zaidi kuliko wa Booth. Anayenunua roboti kwa kutazama tarakimu za nguvu ya kuvuta peke yake akumbuke hilo, aigeuze kwanza aitazame brashi.

Roomba ile haikuwa na ramani. Ilianza kwa kuzunguka ikipanua duara, ikigonga ukuta inageuka, inafuata ukingo kwa muda, kisha inakata katikati ya chumba kwa pembe yoyote. Vihisi vya mwanga tumboni viliizuia isiporomoke ngazini. Aliyeitazama dakika chache aliiona imepotea, lakini ikiachiwa muda ilipita karibu kila mahali zaidi ya mara moja, hata chini ya kitanda ambako mtu hufagia kwa kupiga magoti. Kilichoishinda ni vitu vya sakafuni: nyaya za chaja, soksi, mashada ya zulia, kinyesi cha mbwa ambacho iliweza kukipaka nyumba nzima. Kwa hiyo mwenye nyumba alipata kazi mpya, kuokota kila kitu kabla ya kuiwasha, na baadaye kukata nywele zilizojisokota kwenye brashi. Hii ndiyo hadithi ya Cowan, imerudi kwa umbo dogo.

Ramani zilifuata. Kampuni ya Neato ilileta leza ya kuchorea ramani mwaka 2010, na Roomba 980 ikaja na kamera mwaka 2015. Kampuni za China kama Ecovacs na Roborock zilishusha bei ya teknolojia hiyo, kisha zikaongeza matambara ya kupigia deki na kituo kinachoyaosha. Kamera nazo zilileta balaa lake. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kuwa picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni, zilikuwa zimevujia mitandaoni kupitia wafanyakazi walioajiriwa kuzichambua. Mwaka huohuo Amazon ilitangaza kuinunua iRobot kwa takriban dola bilioni 1.7, lakini wasimamizi wa ushindani wa Ulaya waliweka pingamizi na mpango ukavunjika Januari 2024. Desemba 2025 kampuni iliyouza mamilioni ya roboti iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na mtengenezaji wake wa China, Picea, ndiye aliyejitokeza kuichukua. Kifaa kinachotegemea programu ya simu na kompyuta za kampuni ya mbali huishi kwa uhai wa kampuni hiyo.

Haya yote yanatufikisha kwenye sakafu zetu. Nyumba yenye vigae, vyumba vilivyo usawa mmoja na vizingiti visivyozidi sentimita 2, inaifaa roboti kuliko nyumba yoyote ya London aliyoingia Booth. Mchanga mkavu na nywele inaviokota vizuri. Hiyo ni kweli, na kwa mzee anayeumwa mgongo au mtu mwenye pumu kama Spangler, ni msaada mkubwa. Lakini sakafu zetu hazifagiwi tu, hupigwa deki, na tope la masika lililokauka mlangoni halitoki kwa tambara jepesi linaloburutwa. Sinki la jikoni, kuta za bafu, baraza na uwanja vinabaki vilevile. Kama nyumbani kuna dada wa kazi, roboti itampunguzia saa ya kufagia tu, na mara nyingi yeye ndiye atakayeiokotea vitu, kuimwagia uchafu na kuitoa chini ya kochi ilikonasa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kaeni kama familia mkubaliane nani ataokota vitu sakafuni, nani atamwaga kisanduku, nani atasafisha brashi. Muulize muuzaji kama chujio, brashi na betri vinapatikana mjini mwako, na kama roboti hufanya kazi kwa kitufe bila intaneti. Ukipata majibu na sakafu yako iko wazi, nunua ya bei ya kati isiyo na kamera. Majibu yote yakiwa ni jina la mama au la dada wa kazi, usinunue. Fedha hizo muongezee mshahara anayefagia.